Msimu Ulio Bora: Wageni na Pepo katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Wahenga walisema kuwa mchagua nazi hupata koroma. Methali hii huja moyoni kila mtu aonapo jinsi msafiri wa leo anavyojisumbua kuuliza ni mwezi upi ulio bora wa kuzuru nchi za joto. Ataka jua lisilochoma, bahari isiyochafuka, njia isiyo matope, na bei isiyopanda. Wenye kazi ya kuongoza wageni wana jibu tayari: kwa pwani ya Kenya na Tanzania njoo baina ya Juni na Oktoba, au Januari na Februari, Aprili na Mei jihadhari nazo. Jibu hilo ni la kweli kwa kadiri yake, wala hapana haja ya kulibisha. Lakini lina upungufu mmoja, nao ni kwamba halina historia. Hulisema neno bora kana kwamba ubora ni kitu kikaacho ndani ya mwezi wenyewe, kama utomvu ndani ya mti.

Swali hilo ni kongwe kuliko hoteli zote za pwani. Kwa muda wa miaka elfu mbili watu watokao mbali wamekuwa wakiuliza ni lini waende pwani ya Afrika ya Mashariki na ni lini waondoke, na katika kila zama jibu limekuwa jingine. Kilichobadilika si upepo wala mvua. Kilichobadilika ni aliyeuliza, chombo alichopanda, na jambo alilolitaka. Madhumuni ya makala haya ni kulifuata swali hilo tangu zama za matanga hadi zama za ndege, ili ionekane nani aliyekuwa na haki ya kuuita msimu mwema, na nani aliyeulipia wema huo.

Yafaa kwanza majira yenyewe yatajwe kwa majina yake. Watu wa pwani hawakuugawa mwaka kwa joto na baridi kama wafanyavyo watu wa Ulaya. Waliugawa kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma tokea Desemba hadi Machi, ikitoka upande wa Bara Arabu na Bara Hindi. Kusi hushika Aprili, hukaza Juni na Julai, na hulegea kuelekea Septemba na Oktoba. Baina ya pepo hizi mbili ndipo penye tanga mbili, wakati ambao upepo hauna msimamo na nahodha hajui atege tanga lake upande gani. Mvua kubwa ya masika huangukia katika badiliko la kwanza, Machi hadi Mei, na mvua ndogo ya vuli katika badiliko la pili, Oktoba hadi Desemba. Katikati huingia kipupwe, chenye ubaridi wa Juni na Julai. Demani, wakati wa upole Kusi inapochoka. Na kiangazi, chenye joto kali la Januari na Februari.

Sababu ya mzunguko huu si siri tena. Nchi kavu ya Asia hupata moto upesi na hupoa upesi kuliko bahari. Jua linapokuwa upande wa kaskazini wa dunia, hewa ya Asia hupashwa moto na kupanda, na hewa ya baharini huvutwa kutoka kusini kuijaza nafasi ile, ndiyo Kusi. Jua likienda kusini mambo hugeuka, hewa nzito ya Asia iliyopoa hutiririka kuja baharini, ndiyo Kaskazi. Ukanda wa mawingu ya mvua huliandama jua katika safari yake ya kwenda na kurudi, na kwa hiyo hupita juu ya pwani hii mara mbili kila mwaka. Kwa ufupi, masika na vuli ni nyayo za jua.

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi wa mambo haya. Neno msimu limetokana na Kiarabu mausim, maana yake wakati uliowekwa kwa jambo, kama vile wakati wa safari au wa soko. Wareno walilichukua neno hilo hilo wakalifanya jina la upepo, na kwa njia hiyo likaenea katika lugha nyingi za Ulaya. Basi katika asili yake msimu haukuwa hali ya hewa peke yake, ulikuwa miadi. Aliyesema msimu alikusudia kwamba upepo, bidhaa na watu vimepatana kukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Miadi hiyo ilikuwa imekwisha julikana katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Isa. Mwandishi mmoja wa Kigiriki aliyekaa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuongoza wafanya biashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, kiitwacho Periplus. Ndani yake aliitaja pwani ya Azania na mji wake wa mwisho, Rhapta, akaonyesha majira ya kuondoka kwa safari za upande huo: Julai. Hicho labda ndicho kitabu cha kale kilichobaki ambacho mgeni aweza kujifunza ndani yake ni mwezi gani wa kuianza safari ya kuja pwani hii. Mwandishi yule hakutaja uzuri wa fukwe wala utamu wa hewa. Mwezi mwema kwake ulikuwa mwezi uletao pembe za ndovu na kobe za kasa.

Manahodha wa baadaye waliikuza ilimu hii hadi ikawa hesabu kamili. Mwaka wa Kiislamu haukuwafaa kwa kazi ya bahari, kwa kuwa hufuata mwezi na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Mwenye kuufuata atajikuta kila mwaka anang'oa nanga mapema zaidi, mpaka akutane na upepo wa mbisho. Kwa sababu hiyo walishika mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, wakaugawa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, ikawa miongo thelathini na sita, na siku tano za mwisho zikaitwa gatha. Ahmad ibn Majid, bingwa wa ilimu ya bahari wa karne ya 15, alizitaja nyakati za safari kwa siku za Nairuzi. Kumbukumbu ya hesabu hiyo haijafutika: huko Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa hufanywa kila Julai.

Hesabu hii ndiyo iliyoamua hata ramani ya miji. Chombo kitokacho Ghuba au Bara Hindi kwa Kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurejea kwa Kusi katika mwaka mmoja. Kilichotaka kufika Sofala, kwenye dhahabu, kilikosa wakati, kikalazimika kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo ilifaa dhahabu ipandishwe hadi Kilwa na watu wa pwani wenyewe, na wageni waikute hapo. Hapana shaka wafalme wa Kilwa walikuwa na akili na nguvu, lakini akili yao ilijengwa juu ya kipimo cha upepo. Ibn Battuta alipofika Kilwa, yapata mwaka 1331, alikuja kwa njia ya Mogadishu na Mombasa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitawala mji uliotajirika, kisha akapanda chombo kurudi Dhofar. Safari yake ya kushuka na ya kupanda ilikuwa ile ile ya maelfu ya wafanya biashara ambao hawakuandika kitabu.

Jambo kubwa katika zama hizo ni kwamba mgeni hakuwa na hiari ya kukaa siku chache. Akifika na Kaskazi ya Januari, hawezi kurudi hata kama ameuza mali yake yote kwa juma moja. Mlango umefungwa nyuma yake mpaka Kusi ivume. Tena hakungoja mpaka Kusi iwe kali, kwa maana katikati ya mwaka bahari ya Uarabuni huchafuka hata bandari za magharibi ya Bara Hindi hazikuingilika. Aliondoka ama Aprili na Mei, Kusi ikiwa changa, ama Agosti na Septemba ikiwa imezeeka. Katika miezi hiyo ya kungoja mgeni alipanga nyumba, alitengeneza chombo chake, alidai madeni, alisali msikitini, alijifunza lugha, na mara nyingi alioa. Methali ya kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, ilipata maana yake katika nchi ambayo mgeni alikaa muda wa kutosha kulitumia jembe. Wenye kuandika khabari za asili ya utamaduni wa Waswahili hutaja biashara, dini na ndoa. Yafaa watie na kungoja. Watu walichanganyika kwa sababu upepo uliwanyima ruhusa ya kuondoka.

Ushahidi wa thamani ya ilimu hii ulitolewa na mtu aliyeitumia mara moja na kuidharau mara ya pili. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498. Mfalme wa Malindi alimpa rubani aijuaye njia. Zamani ilisemwa kuwa rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe, lakini wataalamu wa siku hizi wameikataa hadithi hiyo, na wengi husema alikuwa mtu wa Gujarat. Waliondoka tarehe 24 Aprili, Kusi ikiwa changa, yaani wakati ule ule ambao kila nahodha wa pwani angeuchagua. Na tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut. Bahari yote ile waliivuka kwa siku chini ya thelathini.

Safari ya kurudi ilikuwa kinyume. Da Gama aligombana na watawala na wafanya biashara wa Calicut, akaondoka huko mwishoni mwa Agosti, na baada ya kupumzika katika kisiwa cha Anjediva aliingia bahari kuu tarehe 5 Oktoba. Kila mzee wa pwani aweza kulijua kosa lake. Oktoba ni mwezi wa tanga mbili: Kusi imekufa na Kaskazi haijazaliwa. Angengoja mpaka Desemba, upepo ungemchukua mgongoni. Yeye hakungoja, na merikebu zake zilisimama siku nyingi katika bahari iliyotulia kama mafuta, au zikasukumwa nyuma na pepo za mbisho. Hawakuiona nchi ya Afrika mpaka tarehe 2 Januari 1499, mbele ya Mogadishu: karibu miezi mitatu, kwa njia iliyowachukua majuma manne walipokwenda. Ugonjwa wa fizi uliwavimbisha vinywa, mabaharia thelathini wakafa katika kuvuka huko peke yake, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, waliichoma moto merikebu ya São Rafael kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha zote. Mambo haya yaliandikwa na mmoja wa watu wake mwenyewe. Katika khabari zote za kuchagua msimu wa safari, kosa kama hili ni nadra kupatikana, na nadra zaidi ni mkosaji aliyelipata jina la shujaa kwa safari hiyo hiyo.

Lakini lingekuwa kosa pia kuusifu msimu wa zamani kana kwamba ulikuwa neema kwa kila mtu. Katika karne ya 19 Kaskazi ilileta Unguja vyombo vingi vya Oman na Ghuba, na pamoja na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia walikuja watu waliotafuta watumwa wa kuchukua. Si wote walionunua. Baadhi yao waliiba. Katika miezi hiyo wazazi wa mjini waliwaficha watoto wao majumbani, na watumwa na maskini waliogopa kutembea usiku. Sultani Majid bin Said, aliyetawala tangu 1856 hadi 1870, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari katika miezi wakaapo wageni wa Kaskazi. Ikawa sheria inayofuata upepo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, katika utawala wa nduguye, Barghash. Basi Januari ile ile iliyokuwa msimu mwema kwa mwenye duka na mwenye jahazi ilikuwa miezi ya hofu kwa mama mwenye mtoto mdogo. Mwezi mmoja, upepo mmoja, na hukumu mbili.

Mwaka 1872 ndio uliozigawa zama. Tarehe 15 Aprili mwaka huo tufani ilipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile, hata Pemba, iliyosalimika zaidi, ikachukua nafasi ya kwanza katika zao hilo. Na katika mwaka huo huo kampuni ya British India ilianza kuleta meli ya moshi kila mwezi kutoka Aden, ambako njia ya kwenda Ulaya ilikuwa imefupishwa na Mfereji wa Suez tangu 1869. Meli ya moshi haikuuliza Kusi wala Kaskazi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kufika Unguja Mei na kuondoka Juni, au kuja Oktoba na kurudi Novemba. Miadi ya kale ilikuwa imevunjwa.

Haikuvunjika kwa siku moja. Majahazi yaliendelea kuja. Mwaka 1938 na 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers alisafiri katika jahazi la Kuwait tangu Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, wakapakia boriti za mikoko, wakarudi Ghuba kwa Kusi kama walivyofanya babu zao. Wala nguvu za moshi hazikufika bara. Burton na Speke walifika Unguja Desemba 1856, wakangoja hadi Juni 1857, mvua zikiisha, ndipo wakaelekea Tanganyika. Stanley alipokuwa Bagamoyo mwaka 1871 aliijua khabari ya masika na alitaka kuikimbia. Lakini wapagazi walikawia kupatikana, msafara wake wa mwisho ukaondoka Machi, na mvua zikamfikia njiani, akalivuka bonde la Makata lililogeuka ziwa la matope. Mwenye haraka alifundishwa na tope lile lile ambalo mwenye subira alilikwepa.

Hata hivyo maana ya swali ilikuwa imegeuka. Zamani mgeni aliuliza ni lini inawezekana kwenda. Sasa aliuliza ni lini inapendeza. Reli iliyojengwa tokea Mombasa mwaka 1896 hadi Kisumu mwaka 1901 iliwawezesha walowezi wa nyanda za juu za Kenya kushuka pwani kwa mapumziko, na katika miaka ya 1930 hoteli za ufukweni zilisimama Malindi. Hoteli hizo ziliwapokea Wazungu. Mwafrika aliziingia kwa mlango wa jikoni. Walowezi walishuka watoto walipofunga shule, na wavuvi wa samaki wakubwa walifuata utulivu wa bahari ya Kaskazi. Hemingway alivua Malindi mapema mwaka 1934, baada ya kuwinda bara, katika miezi mikavu iliyo baina ya vuli na masika. Kwa mara ya kwanza kalenda ya shule na ya starehe ilianza kushindana na kalenda ya upepo.

Ndege iliimaliza kazi iliyoanzwa na meli. Katika miaka ya 1960 na 1970 ndege za kukodiwa zilianza kuleta makundi ya watu wa Ulaya moja kwa moja katika pwani ya Kenya, na tangu miaka ya 1980 Unguja nayo ikafuata. Mgeni wa namna hii hachaguliwi na hewa ya huku, bali na hewa ya kwao. Huja Desemba na Januari kwa kuwa Ulaya ina theluji, na Julai na Agosti kwa kuwa watoto wake hawaendi shule. Ni kwa bahati tu kwamba nyakati hizo mbili huangukia mbali na masika. Wenye hoteli walipoona hivyo waliuita wakati mmoja msimu wa juu na mwingine msimu wa chini, maneno ambayo hayakutokana na upepo, mvua, mavuno wala uvuvi. Yametokana na bei ya chumba.

Wasomi wa Afrika ya Mashariki hawakunyamaza. Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza gazetini kama utalii wapatana na ujamaa, na mjadala uliofuata ulikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Waliotetea walitaja fedha za kigeni na kazi kwa vijana. Waliopinga walitaja heshima ya taifa na hatari ya kumfanya mwananchi mtumishi katika nchi yake. Mjadala ule haukuisha kwa ushindi wa upande mmoja. Ulipitwa na mambo. Leo Tanzania na Kenya zote huutegemea utalii sana kwa fedha za kigeni. Lakini swali la vijana wale limebaki, na mahali pepesi pa kuliona ni katika kalenda.

Na atazamwe mtumishi wa hoteli ya ufukweni. Aprili inapoingia, hoteli nyingi hufunga milango au hupunguza watu, na mwenye mkataba wa muda hurudi kwao bila mshahara mpaka Juni. Kwa mgeni, masika ni miezi ya kukwepa. Kwa mkulima, masika ndiyo mwaka wenyewe: ndipo mpunga unapopandwa na visima vinapojaa, na mvua zikikawia watu hukusanyika kuziomba. Basi kijana aliyetoka shambani kwenda hotelini amehama kutoka kalenda moja kwenda nyingine, na mwezi ambao babake aliuita wa riziki yeye huuita wa njaa. Wengine wana akili ya kuzishika kalenda zote mbili. Hulima Aprili na kupokea wageni Julai. Lakini mwenye kuuza shamba lake la pwani kwa mwenye hoteli ameuza pia masika yake.

Mfano mwingine ni mwani. Tangu mwaka 1989 wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wamelima mwani katika maji madogo, wakifuata bamvua, maji yanapokupwa mbali. Januari na Februari, wakati anga ni safi na mgeni hufurahia maji yenye joto kama ya kuogea, joto hilo hilo huutia mwani maradhi na kuukatisha vipande. Tena vigingi vyake huonekana kwa baadhi ya wageni kuwa vinauharibu ufuo. Hapa tena ni mwezi mmoja na hukumu mbili, kama ilivyokuwa katika siku za Sultani Majid, ijapokuwa bei ya hukumu yenyewe, namshukuru Mungu asemaye, si ile ya mtoto aliyeibwa.

Iko kalenda ya tatu, isiyofuata jua wala bei. Ramadhani huuzunguka mwaka wote kwa muda wa miaka thelathini na mitatu hivi, ikipita katika masika, kipupwe, vuli na kiangazi bila upendeleo. Ilipoangukia Aprili haikugongana sana na wageni. Sasa inarudi nyuma kuelekea Februari na Januari, na katika mwaka 2030 mfungo utaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Miji ya Waislamu itafunga saumu katikati ya msimu wa juu, na kila mmoja atapimwa: mwenyeji kwa ukarimu wake, na mgeni kwa adabu yake. Zamani nahodha wa Oman alifunga pamoja na mwenyeji wake. Mgeni wa leo, ambaye aghalabu si wa dini hiyo na atakaa siku saba, huhitaji kuambiwa kabla ya kuja.

Si haki kusema kwamba watu wa pwani wameshindwa kabisa kuitawala kalenda. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, lilijiita tamasha la nchi za majahazi na likawekwa Julai. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, liliwekwa Februari, wakati wa Kaskazi, miezi ile ile ya kufika kwa wageni wa zamani. Matamasha hayo ni jaribio la kuurudishia msimu maana yake ya asili, yaani miadi, ili mgeni aje kwa ajili ya watu na si kwa ajili ya jua peke yake.

Lakini wakati wenyeji wanajifunza kuitengeneza kalenda yao, majira yenyewe yameanza kutia shaka. Vuli ya mwaka 1997 ilikuwa gharika, na mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe mengi. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba ya Rufiji na kuua watu katika Kenya na Tanzania. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kilifika Mafia, katika bahari ambayo vimbunga huifikia kwa nadra. Tufani ya 1872 ilikumbukwa kwa zaidi ya karne kwa kuwa haikuwa na mwenziwe. Endapo wenziwe watazoea kuja, hesabu ya miongo iliyowaongoza manahodha na karatasi ya bei iongozayo mahoteli zitapotea pamoja. Na watakaolipa kwanza si wageni, ambao waweza kubadili tiketi zao, bali wale wasio na nchi nyingine ya kwenda.

Ni upi, basi, msimu ulio bora? Historia hailikatai swali, hulirekebisha. Apendaye bahari tulivu na awezaye kuvumilia joto, Kaskazi ni yake. Apendaye ubaridi na njia kavu, na achague Kusi inapotua, kipupwe hadi demani. Atakaye kuiona nchi ikiwa kijani kibichi, wenyeji wakiwa na kazi zao wenyewe, na aje mwisho wa masika na mwavuli mkononi. Atapata nyumba kwa bei ndogo na mazungumzo kwa muda mrefu. Lakini kila mmoja wao na aulize, kabla ya kuuita mwezi mwema au mbaya, ni mwema kwa nani. Nahodha wa zamani hakuwa mtu bora kuliko msafiri wa leo, na pengine alikuwa mwovu zaidi. Ila upepo ulimfunga mahali pamoja mpaka akayajua majina ya jirani zake. Msafiri wa leo hafungwi na kitu. Akitaka kupata walichokipata wale waliongoja, itambidi angoje kwa hiari yake.